Alhamisi ya Nakijwa

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kikohozi akimalize sasa. Kimya kikitulia ndipo nitaanza, maana habari hii haitaki kelele.

Mtu mmoja alikuwa na mfereji. Jina lake Kajiru, na mfereji wake ulishuka mlimani ukipita vitongoji saba, kila kitongoji kikinywa maji yaliyopita kwa mwenzake wa juu. Kajiru alikuwa mzee, hawezi tena kuzunguka. Basi katika kila kitongoji aliteua mtu mmoja wa kuangalia nyumba za watu, na kila Jumatatu mtu huyo alitakiwa kufika kwake na kusema ni nyumba ngapi zina mgonjwa wa tumbo. Hata kama hakuna, aje aseme hakuna.

Hilo la mwisho liliwashinda wengine. Wa kitongoji cha tatu aliacha kwenda, na wa tano akaacha, wakisema hawana la kupeleka. Kajiru akabaki hajui kama kimya chao ni uzima au ni usingizi.

Wa kitongoji cha juu alikuwa mjane, Nakijwa, na yeye hakukosa. Miaka minne alivuka vilima viwili kwenda kusema neno moja, kisha akarudi. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage walimchokoza njiani: shoga, leo umebeba hakuna ngapi, na mbona hutafuti punda akusaidie? Naye alicheka pamoja nao, akaendelea na safari. Nyumbani, wifi yake Aneti alimwambia waziwazi kwamba anamaliza ndala bure.

Ikafika wiki ya harusi ya Mbazi, mwanawe wa pekee. Harusi ilikuwa Jumamosi. Miwa ilikwisha kukamuliwa kwa ajili ya pombe, mbuzi wawili wamefungwa uani, na wakwe, watu wa kitongoji cha chini kabisa, walikuwa tayari kupanda na binti yao Foibe. Alhamisi asubuhi mume wa Aneti, aliyekuja kusaidia kazi za harusi akitokea mnadani huko tambarare, akaanza kutapika na kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Kufika saa nne macho yameshaingia ndani.

Aneti akakusanya shuka na nguo zake, akazitia kwenye beseni. Desturi yao ilikuwa kufua nguo za mgonjwa katika maji yanayokimbia, ili ugonjwa uende na maji. Wala hakuna aliyewahi kujiuliza unakwenda wapi. Nakijwa alisimama mlangoni, akalishika lile beseni. Akilini aliviona vitongoji sita chini yake, na mwisho wa vyote akawaona wakwe zake wanateka maji ya kunywa.

Aneti akamsihi kwa sauti ya chini. Leo si Jumatatu, akamwambia, hakuna atakayekudai habari. Kajiru akisikia atafunga maji na kukataza watu wasikusanyike, harusi itakufa, na wakwe watasema binti yao anapelekwa kwenye nyumba chafu. Yote hayo yalikuwa kweli, na Nakijwa alijua ni kweli. Akamwagiza Mbazi ampe mgonjwa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo bila kuchoka, na achimbe shimo mbali na mfereji. Beseni akalifungia chumbani mwake, ufunguo akautia kifuani, akashuka.

Kajiru alipomwona siku isiyo yake, alisimama kabla hajasalimiwa.

"Mzee," akasema Nakijwa, "leo mgonjwa yupo. Na yupo kwangu."

Kajiru hakuuliza mara mbili. Aliyesema hakuna zaidi ya mara mia mbili, na kila mara pakawa hakuna kweli, akisema yupo, anaaminiwa papo hapo. Maji yakafungwa, baragumu likalia, na kabla ya jua kutua vitongoji vyote vilikuwa vinachemsha maji, na mganga wa zahanati yuko njiani kupanda.

Mume wa Aneti aliponea chupuchupu. Nyumbani kwa Nakijwa waliugua wengine wawili, wakapona. Huko chini hakuugua hata mmoja. Pombe ilimwagwa, na mbuzi walikaa uani mwezi mzima wakitafuna majani ya migomba. Wakwe walipopanda hatimaye, baba yake Foibe alimwinamia Nakijwa mbele ya watu wote, akasema binti yake anamwacha katika nyumba isiyoficha. Siku hiyo Nakijwa alitembea shingo juu, na Aneti ndiye aliyemshika mkono.

Nakijwa alikufa kwa uzee. Mbazi alirithi shamba la migomba. Aneti alirithi sufuria kubwa la harusi. Foibe alirithi Jumatatu, kwa kuiomba mwenyewe. Na watoto wa vitongoji sita vya chini walirithi uzee wa wazazi wao, wasijue hata ni Alhamisi gani iliyowapa.