Ngozi ya Mtamba wa Kalunde

Mjane mmoja, jina lake Kalunde, alikuwa na mtamba, wa mwisho kusalia katika kundi la ng'ombe la marehemu mumewe. Askari waliowekwa kulinda njia ya mnadani walimkamata mtamba huyo kwa kisingizio kwamba ana ugonjwa. Wakamchinja, wakamla. Waliopewa silaha za kumfukuza fisi ndio waliokula kama fisi.

Watu walikuwa wakiwajua askari hao siku nyingi, ila hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Kalunde alikifungua. Wazee wa baraza wakapekua nyumba ya mkuu wa askari, wakaikuta ngozi uvunguni, na pajani chapa ya mumewe Kalunde. Ikakunjwa, ikafungwa kamba, fundo likapigwa lakiri mbele ya watu wote, lisifunguliwe mpaka siku ya kesi.

Kisha ikakabidhiwa kwa Mihambo, mtunza ghala la baraza. Kijiji kilimchagua mzee huyo kwa kuwa hajapata kupokea mlungula wala kugusa cha mtu. Kalunde alipoiona ngozi imeingia mikononi mwake, alishusha pumzi.

Lakini siku moja alipita kwa Mihambo akaikuta imetandazwa uani, na jirani ameanika ulezi juu yake. Akauliza kulikoni. Mihambo akamweleza kwa upole kwamba ilianza kunuka, ndipo akakata kamba ili aipigishe jua. Jirani akaiomba, naye si mtu wa kumnyima jirani. Kalunde alitaka kupiga kelele. Ila mzee alikuwa mwema, na mtu mwema ni vigumu kumgombeza. Akaenda zake.

Tangu hapo hakujua raha. Mara alisikia ngozi iko kwa fundi viatu, mara haijulikani iko wapi, mara imerudi ghalani. Akiwa shambani jembe lilimwanguka mkononi. Aliwaona askari wakicheka njiani, akajiuliza wanacheka nini.

Siku ya kesi wakili wa askari hakuuliza lolote juu ya wizi. Alimuuliza Mihambo ngozi ilipitia kwa nani na nani. Mihambo, asiyejua kusema uongo, akawataja. Na wengine, akasema, amewasahau. Wakili akasema kila ng'ombe wa marehemu alikuwa na chapa hiyo hiyo. Nani basi ataapa kwamba ngozi iliyotoka ghalani ndiyo iliyorudi? Hakimu aliitazama ngozi, akamtazama mjane, akainamisha kichwa. Kisha akawaachia askari.

Walirudi njiani siku ile ile. Mkuu wao alipopita karibu na Kalunde alimsalimia kwa jina, taratibu, kama mtu anayelihifadhi jina hilo kwa siku nyingine. Wanawake waliokuwa wameketi naye wakakusanya khanga zao, wakasogea mbali.

Mihambo alimfuata Kalunde mpaka nje ya baraza, machozi yakimtiririka.

"Mwanangu, Mungu ndiye shahidi yangu, mimi sikuiba."

"Najua, baba," akasema Kalunde. "Ungekuwa mwizi, tungekuchunga."

Akaondoka, akishika njia ndefu ya kuzunguka kilima, kwa maana ile fupi ilikuwa na askari.

Nanyi mnaojivunia kwamba mikono yenu ni safi: kile mlichokabidhiwa, leo hii kiko wapi?