Nani Aingie Ukumbini na Restituta?

Hapo zamani, wala si zamani ya kupotea, kulikuwa na chuo cha ualimu katika mji mmoja wa baridi, nyanda za juu kusini. Chuoni hapo alisoma msichana aliyeitwa Restituta, yatima aliyelelewa na shangazi yake, Agatha. Resti alikuwa mcheshi, na akifundisha hesabu, hata waliokata tamaa na somo hilo walielewa.

Muhula wa kwanza alikula chakula cha chuo, akakaa darasani kutwa, akanenepa kidogo. Aliporudi nyumbani likizo, Shangazi akamtazama pale mlangoni, mbele ya wageni, akasema, "Tumekupeleka kusoma au kunenepeshwa?"

Wageni wakacheka. Resti naye akacheka. Lakini neno lile alirudi nalo chuoni.

Chumbani aliishi na wenzake wawili, Sekela na Hidaya. Sekela akamwambia, "Hata mimi nataka kupungua. Tushindane. Chakula cha jioni tuache, tunywe maji ya moto na limau."

Wakashindana. Resti akapungua. Likizo iliyofuata Shangazi akampitisha kwa majirani, mkono kaushika, anasema, "Mwoneni binti yangu alivyopendeza."

Lakini mwili ulioshindishwa njaa hudai chakula chake. Resti akaanza kula, akala mpaka akaogopa, akanenepa kuliko mwanzo. Akasemwa. Akaacha kula, akapungua. Akasifiwa. Akanenepa tena, akasemwa tena. Ikawa hivyo muhula kwa muhula, mpaka kabati lake likawa na sketi za watu wawili, na yeye mwenyewe hajui ni yupi kati yao.

Sekela alichoka mapema, akarudi kula kama zamani. Resti hakuacha, ila sasa alifanya kwa siri. Siri hiyo alimwambia Hidaya peke yake: kwamba kuna siku hapitishi kitu kinywani, na nywele zinakatika akichana.

"Niapie hutamwambia mtu," alisema.

Hidaya akaapa.

Asubuhi moja Hidaya alimkuta Resti ameketi chini karibu na bomba, nguo ziko kwenye beseni, hana nguvu hata ya kukamua shati. Hidaya akamkalisha kivulini, akaenda moja kwa moja kwa muuguzi wa chuo, akasema yote. Resti akapelekwa hospitali. Daktari akamsikiliza moyo, akasema, "Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Hidaya alipokwenda kumwona wodini, Resti aligeukia ukutani.

"Uliapa."

"Niliapa."

"Kwa hiyo kiapo chako si kitu."

"Ni kitu," Hidaya akasema. "Ila wewe ni zaidi."

Resti aliporuhusiwa kutoka hospitali alihama chumba, na muhula mzima hakusema naye.

Daktari alikuwa ameagiza hivi: ale kwa wakati, asiruke mlo, asishibe kupita kiasi, na asile peke yake. Agizo la mwisho alilibeba Sekela. Kila mlo alikuja na sahani mbili. Resti akiutazama wali bila kuugusa, Sekela anakula taratibu, anaongea habari za darasani, anangoja. Neno kilo hakulitamka. Kwa kungoja huko alikosa mazoezi ya netiboli, na nafasi yake kwenye timu akapewa mwingine.

"Nenda mazoezini," Resti akamwambia siku moja. "Nitakula."

"Kula kwa mwendo wako. Siondoki."

Naye Shangazi aliitwa chuoni. Muuguzi akamweleza. Shangazi akaketi kitandani kwa Resti, mkoba mapajani.

"Ni maneno yangu, mwanangu?"

Resti akainamisha kichwa. Shangazi akaelewa.

Ukafika msiba katika ukoo, ndugu wote wamekusanyika. Mjomba mmoja akamtazama Resti, akaanza, "Eh, huyu naye siku hizi..." Shangazi Agatha akasimama. Mwanamke yule hakuwahi kumwomba mtu radhi hadharani.

"Mwili wa binti huyu hausemwi tena," alisema. "Aliyeanza kuusema ni mimi, na nilikosa. Resti, nisamehe."

Tangu siku hiyo Resti alikula nyumbani bila kuangalia macho ya watu.

Mwili ukatulia polepole. Haukuwa ule wa kusifiwa wala ule wa kusemwa. Resti akamfuata Hidaya bwenini, wakalia pamoja, wakapatana.

Ikaja siku ya mahafali. Chuo kile kilikuwa na desturi: kila mhitimu huingia ukumbini ameshikana mkono na mtu mmoja, yule aliyemfikisha siku hiyo. Resti alipofika mlangoni amevaa joho, aliwakuta watatu wanamngoja.

Hidaya akasema, "Nilivunja kiapo, nikakubali unichukie. Nisingesema, leo usingekuwepo."

Sekela akasema, "Njaa ile niliianza mimi, sikatai. Lakini kuokolewa ni siku moja. Siku nyingine zote nani alikaa nawe mezani?"

Shangazi akasema, "Mimi ndiye niliyekuumiza, na mimi ndiye niliyekulea. Aibu niliivaa mbele ya ukoo ili wewe uivue. Bila hivyo, wangekuokoa chuoni, ukarudi kuumia nyumbani."

Resti akawatazama mmoja mmoja. Ndani, kwaya ikaanza kuimba. Jina lake likaitwa, na mikono mitatu ikanyooshwa kwake.

Haya, ninyi mliosikia. Yuko aliyemtoa kwenye kifo, yuko aliyemrudisha kwenye chakula, yuko aliyemrudishia nyumba yake. Na wawili kati yao ndio waliomsukuma shimoni. Je, Resti aushike mkono wa nani?