Kahawa ya Wazee Saba

Hapo zamani, katika mji ambao jina lake wamelisahau hata waliozikwa humo, palikuwa na Sultani aliyependa haki, ila alipenda iishe kabla ya chakula cha mchana. Desturi ya mji ilikuwa hivi: mtu akishitakiwa, wazee saba huketi barazani, huletewa kahawa, na kila amalizaye kunywa hupindua kikombe chake ikiwa amemwona mshitakiwa ana hatia. Vikipinduliwa vyote saba, mtu hukatwa mkono. Kikisalia kimoja kimesimama, huenda zake.

Basi siku moja akaletwa Mbwarali, mshona kofia. Joho la Sultani lilikuwa limeanikwa uani likatoweka, na Mbwarali alikuwa amepita pale asubuhi hiyo, akausifu mshono wake. Hayo ndiyo yote yaliyojulikana.

"Nadhani ni yeye," akanena Mzee Shekuwe, mkubwa wa wale saba.

"Nami nadhani," akasema wa pili. "Hata macho yake siyapendi."

Ikawa wote saba wanadhani, wakaagiza kahawa.

Mpika kahawa wa baraza ile alikuwa Bi Mwanarabu, mjane asiye na mbele wala nyuma, ambaye watu walimhesabu punguani kwa kuwa alijibu kila alichoulizwa. Akaguna. Sultani akamsikia.

"Wewe bibi, unaguna nini?"

"Naguna huko kudhani, bwana wangu. Mkono wa mshona kofia ukishakatwa haushoneki."

"Basi wafundishe wewe. Waeleze wazee hawa mtu awe na hakika kiasi gani ndipo apindue kikombe. Na usiwahubirie, maana wawili ni viziwi na watano hawasikilizi. Ukishindwa, mkono unakatwa, nawe unahama mji."

"Kuhubiri siwezi. Najua kahawa tu," akasema, akaingia jikoni, akatoka na dele la shaba, akamimina vikombe saba.

"Kunyweni, babu zangu. Dele nililiacha wazi, na mjusi kafiri alikuwa rafuni analichungulia. Niliporudi, rafuni hayupo. Lakini nadhani hakutumbukia."

Vikombe vikakwama njiani, maana katika mji ule hapakuwa na asiyeamini kwamba sumu ya mjusi kafiri huua.

"Unadhani?" akauliza Mzee Shekuwe.

"Nadhani, mzee wangu. Hata macho yake niliyapenda."

Hakuna aliyekunywa. Bi Mwanarabu akangoja, kisha akasema, "Pindueni, basi."

"Tupindueje? Vimejaa. Tutamwaga kahawa kwenye zulia la Sultani."

"Basi vimesimama vyote saba, na kwa desturi yenu mshona kofia aende zake."

Sultani akakunja uso. "Bibi, kwa njia hiyo hata mwizi aliyeshikwa na joho mwilini ataachwa. Kila mtu ataweza kujizulia mjusi wake."

"Ndiyo maana nina madele mawili," akasema, akaliepua dele la pili lililokuwa likichemka kwenye seredani mbele yao tangu walipoketi, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Akamimina katika vikombe vingine. Sita wakanywa. Mzee Shekuwe akanusa chake.

"Na kama jini amepenya kifunikoni?"

"Mjusi nilimwona, ana miguu minne. Jini lako umelizaa sasa hivi hapo ulipokaa. Shaka kama hilo liache, unywe. La mjusi usiliruke."

Mzee Shekuwe akanywa.

"Na la Mbwarali ni shaka gani?" akauliza Sultani.

"Uani kwako hupita wapishi, wapagazi, na yule mbuzi wako aliyekula mikeka miwili. Wote wana miguu, bwana wangu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwangukia mapajani. Akaamuru Mbwarali afunguliwe kamba, na Bi Mwanarabu akapewa nyumba yenye jiko lake mwenyewe. Ila lile dele la kwanza lilikuwa bado linamkera.

"Sema kweli, bibi. Mjusi alitumbukia?"

"Sijui, bwana wangu. Ningejua, ningesema nadhani?"

Tangu siku hiyo, mzee aliyefika barazani na nadhani yake alimiminiwa kutoka katika dele lililoachwa wazi, na kahawa ya dele hilo, kila siku, ilirudi jikoni kama ilivyotoka.