Mkaguzi Kutoka Ng'ambo ya Korongo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi wanyama walipokuwa wakifanya mikutano ya hadhara kama vile hawana kazi nyumbani, Kiboko na Ngiri walikihama chama cha Mfalme Nyati. Miaka kumi walikuwa mawaziri wake. Siku moja wakatoka kwa kishindo, puu! Wakaunda chao: Chama cha Ng'ambo.

"Wanyama oyeee!" Kiboko alinguruma mkutanoni.

"Oyeee!"

"Ng'ambo ya korongo, mkubwa na mdogo hunywa bwawa moja. Tupeni kura, tujiunge na Jumuiya yao, tuishi kama wao!"

Bi Pimbi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, maana nyumbani alikuwa na watoto wanne na mtungi mkavu. Kisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, na lile bwawa la hapa, mlilojigawia mkiwa mawaziri? Boma lake la miiba mtalitoa lini?"

Ni kweli, chama walikihama. Bwawa hawakulihama.

Ngiri, katibu, akakohoa. "Mama, hilo suala ni la kitaalamu. Tutaunda kamati."

"Wanangu wana kiu leo, katibu."

"Basi kamati ndogo."

Kicheko, kwa! kwa! kwa! Bi Pimbi hakucheka. Alirudi pangoni, akawakuta wanawe wakilamba umande kwenye mawe. Lakini kuna kitu alikuwa amekiona: kila neno Ng'ambo lilipotajwa, Kiboko alisimama wima na kuvuta tumbo ndani.

Asubuhi akajipaka majivu mwili mzima, akabandua gome la mti, akapanda kutokea upande wa korongo, kwenye majabali ambayo hakuna mwingine awezaye kuyaparamia, akatokea bwawani kwa Kiboko.

"Hodi! Mimi Mkaguzi ya Jumuiya ya Ng'ambo. Nakuja kagua chama yenu."

Kiboko akavuta tumbo. "Karibu, karibu sana! Ngiri, kiti! Si hicho, lete kile chenye mto!"

Mkaguzi akaketi, akalitazama gome kama anayesoma. "Sharti ya kwanza. Chama ya maji ya wote, kwa nini iko na boma?"

"Boma?" Kiboko akageuka huku na huku. "Ngiri, wewe unaona boma?"

"Lile ni la muda tu, Mkaguzi," Ngiri akasema, jasho likimtiririka.

"Muda yake naisha lini?"

"Leo!" Kiboko akadakia. "Sasa hivi! Ngiri, ng'oa!"

Ngiri akaingiza meno, kracha! kracha! Miiba ikaruka.

"Sharti ya pili. Nani nakunywa kwanza?"

"Sisi viongo..."

Mkaguzi akakwaruza gome, kwaruu!

"Wadogo!" Kiboko akapiga kelele. "Wadogo kwanza, imeandikwa kwenye katiba yetu!"

Wakaja mbio, digidigi, kanga, nungunungu, na watoto wanne wa Bi Pimbi mbele kabisa. Glu, glu, glu! Bi Pimbi aliwatazama mpaka matumbo yao yakajaa. Ndipo naye akakumbuka koo lake. Akainama, akanywa, akanawa uso.

Majivu yakaondoka yote.

"Ala!" Ngiri akaruka. "Si yule mama wa jana!"

"Ndiye, katibu," Bi Pimbi alijibu, Kiswahili chake kimenyooka. "Jana niliuliza kwa lafudhi ya hapa, hamkunisikia."

"Rudisha boma!" Kiboko akafoka. "Rudisha sasa hi..."

Lakini bwawa zima lilikuwa limejaa vichwa, na vichwa vyote vikaimba: "Kiboko katimiza! Hata kura bado, katimiza!"

Kiboko akavitazama vichwa vile kimoja kimoja. Siku ya uchaguzi kila kimoja kingekuwa na kura yake.

"Naam, ndugu wananchi," akasema kwa sauti nyororo, "kunyweni, kunyweni. Hii ndiyo sera yetu tangu mwanzo."

Nami hadithi nimeitua hapo, na fundisho lake ni hili: anayekuahidi mema ya mbali, mwambie kwanza afungue alichokifungia hapa hapa.