Ufunguo wa Pili

Njooni, nyinyi wenye digrii na nyinyi mnaozisubiri, kuna kesi hapa imewashinda wenyewe.

Katika hosteli ya chuo kimoja, chumba cha wawili kilichopakiwa wanne, waliishi Kerubo, Mwikali na Zuhura. Kerubo alikuwa na macho: hakuna picha iliyopita simuni mwake bila kukaguliwa mpaka pazia la nyuma. Mwikali alikuwa na mgongo: mtungi wa gesi aliupandisha ghorofa ya nne akiimba. Zuhura, wa Mombasa, alikuwa na ulimi: alichelewa getini, akajieleza mpaka mlinzi ndiye akaomba radhi. Wa nne alikuwa Nafula, fresha wa mwaka wa kwanza kutoka Webuye. Yeye alikuwa na adabu, bidhaa isiyo na soko chuoni.

Jumamosi moja mchana, makomredi wa mwaka wa tatu, wasiojua hata maktaba iko wapi, waliwaandalia mafresha bash, karamu ya kuwakaribisha, nje ya geti. Mwikali akampeleka Nafula. Katikati ya chumba palikuwa na beseni la kufulia, limejaa kinywaji chekundu.

"Ni juisi tu, siz," komredi mmoja akamwambia.

Kwao Nafula, mgeni akipewa kikombe hukimaliza. Akamaliza kwa heshima. Akaongezwa. Akamaliza.

Huku hosteli, simu yake iliyobaki kwenye chaji ikalia. Zuhura akapokea. "Mwanangu, nimeshuka stendi. Nakuja kuona unavyoishi." Ni mamake! Mama aliyekwisha kuapa: akiona upuuzi wowote, Nafula atarudi nyumbani na masomo yaishe.

Kerubo akapekua stetasi za watu mtandaoni. Katika video ya mtu asiyemjua, nyuma ya wachezaji, akaona soksi za njano za Nafula zikichungulia chini ya meza. "Huyo hapo! Ile nyumba nyuma ya kinyozi!" Ila tuseme ukweli: kwanza alicheka, na video akamtumia rafiki. Mmoja tu, aliapa.

Mwikali akaruka kutoka kitandani, akatoka mbio. Wavulana wakamwambia, "Wacha alale, tutamwangalia." Akawajibu, "Mwangalieni mama yenu," akamtupa Nafula mgongoni. Nafula anakumbuka shingo yenye jasho na sauti ikimwonya, "Tapika popote, si kwa nywele zangu, nimesuka jana!" Ghorofa nne. Ila tuseme ukweli: aliyempeleka kwenye lile beseni, akamwacha hapo akarudi kulala, ni Mwikali huyo huyo.

Zuhura akashuka getini. "Shikamoo mama! Karibu, karibu!" Akamketisha kantini, akamnywesha chai, akauliza mahindi, akauliza kwaya, akauliza magoti. "Nafula yuko kwa maombi ya kufunga, mama. Hasumbuliwi." Hayo ni maneno ya Zuhura, ambaye kanisa hulijua kwa nje. Ila tuseme ukweli: mama wa watu alidanganywa kwa jina la Mungu, na akalia kwa furaha.

Mama alipopanda, Nafula alikuwa ameogeshwa na kuketishwa, macho mekundu. "Umelia sana kwa maombi, mwanangu," mama akasema, akamkumbatia. Nafula akalia kweli.

Mwaka ukaisha. Chuo hiki kina geti la marumaru lakini hakina vyumba, kwa hiyo vya mwaka wa pili hupigiwa kura ya bahati. Nafula akashinda chumba cha wawili. Matroni akampa funguo mbili. "Chagua mwenzako mmoja. Wengine watafute nje."

Msiniulize nje kukoje.

Wakala ugali sufuria moja, kama kawaida.

"Nisingemwona, angeokotwa wapi?" akasema Kerubo.

"Kuona ndiyo kubeba?" akajibu Mwikali.

"Aki bila mimi mngembeba mkamlaza mbele ya mamake," akasema Zuhura.

Wakacheka. Lakini hakuna aliyemtazama Nafula, na Nafula aliwapenda wote watatu.

Matroni sasa yuko mlangoni, anataka jina. Haya, nyinyi mliokaa hapo mkijifanya mahakimu: huo ufunguo wa pili mngempa nani?