Gari Lisilojua Kusimama

Gwakisa alikuwa na gari lisilojua kusimama, na Jumapili moja gari hilo liliuaibisha ukoo mzima. Kanisani, waumini walikuwa wameinamisha vichwa wakimwombea kaka yake, Ambakisye, mgonjwa wa kifua. Nje, gari lilikuwa likinguruma peke yake, kwa sababu Gwakisa alikuwa ameegemeza jiwe kwenye kanyagio la mafuta ili injini isije ikazimika. Muungurumo ukapanda, ukashuka kama mtu anayekata roho, ukapanda tena. Mchungaji akapaza sauti. Gari nalo likapaza. Kisha jiwe likateleza na kukandamiza kanyagio lote, injini ikapiga yowe, na mchungaji akajikuta amesema "Amina" kabla Mungu hajaombwa lolote la maana.

"Gwakisa," alisema Mama Sekela kutoka benchi la akina mama, bila kufumbua macho, "tumwombee mgonjwa au tuliombee gari?"

Watu walicheka. Gwakisa naye alicheka, akatoka mbio na tai begani. Huko nje, mkono ukiwa juu ya lile jiwe, hakucheka tena.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini likiwa mwendoni lilipanda milima bila kulalamika. Shida ilikuwa kulisimamisha. Likitulia tu, sailensa, yaani ule muungurumo wa injini gari likiwa halitembei, ilipanda na kushuka, ikatetemeka, ikafa. Na likizimika likiwa la moto halikuwaka tena mpaka lisukumwe. Hakuna kitu Gwakisa alichokionea aibu kama kusukumwa. Alikuwa amefika Lusaka, amefika Lubumbashi, amekula vyakula ambavyo majina yake kule kwao hayatamkiki. Mtu wa namna hiyo atasukumwaje na watu waliomwona zamani akitembea bila suruali?

Kwa hiyo alijifunza kutozima. Alinunua chumvi akiwa dirishani mwa gari. Alitoa pole za msiba akiwa dirishani. Injini ilipozidi kuyumba, alifungua boneti akaizungusha kidogo skrubu ya sailensa ili mzunguko upande. Gari likatulia kwa siku chache, likaanza tena, naye akaipandisha tena. Kila alipoipandisha, kelele iliongezeka, na yeye kelele hiyo akaiita nafuu.

Kwa kaka yake alipita kila siku ya soko. Ambakisye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alimbeba mgongoni kwenda zahanati, na chakula kilipokuwa kidogo alisema ameshakula. Sasa alikuwa akijikongoja mpaka uani, anashika mti wa ua, anasema neno. Gwakisa, mguu juu ya mafuta, hakusikia kitu.

"Ndiyo, kaka!" alipaza sauti. "Nitakuja nikae!"

Ambakisye alirudia, akionyesha nyumba kwa mkono, mpaka kikohozi kikamkunja.

"Ndiyo, ndiyo, kaka! Siku nyingine!" Alidhani anaagwa. Akaondoka.

Ikafika siku kaka hakuweza tena kutoka mpaka uani, ndipo akaombewa kanisani. Baada ya aibu ile Gwakisa aliapa kwenda kukaa naye kutwa nzima. Ila kwanza, alisema, alitengeneze gari, ili akilizima liwake.

Fundi alibadilisha plagi. Akaisafisha kabureta. Gari likabaki vilevile. Watu wakasema ni mafuta machafu, wakasema ni baridi ya milimani, na Gwakisa aliamini kila sababu iliyokuwa nje ya boneti lake. Huku siku zinakwenda.

Mchana mmoja fundi alikwenda kula, Gwakisa akabaki peke yake na injini inayoyumba. Kwa mara ya kwanza hakukimbilia kanyagio. Aliiacha itaabike, akainama kuisikiliza. Chini ya kelele yote kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu anayevuta hewa kwa meno. Akachukua kikombe cha maji, akawa anaidondoshea mipira ya hewa ya injini, mmoja baada ya mwingine. Matone yalipouangukia mpira mfupi uliojificha nyuma ya kabureta, mlio ukabadilika papo hapo. Mpira ule ulikuwa umepasuka upande wa chini, usikoonekana, na injini ilikuwa ikivuta upepo pale. Kumbe mafuta yote aliyokuwa akikanyaga yalikuwa ya kufunika ufa mdogo kama ukucha.

Kuubadilisha mpira hakukuchukua muda. Kazi ilikuwa kuishusha ile skrubu. Kila alivyokuwa ameipandisha, sasa ilimbidi airudishe, na alishangaa jinsi alivyokuwa amekwenda mbali. Mwishowe injini ikatulia, ikawa kama haipo.

Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Akaegesha uani, akazima, akashuka. Alikuwa hajawahi kuusikia ua ule: kuku wakiparura, majani ya migomba yakisuguana, na mtu akihema kwa shida ndani ya nyumba.

Ambakisye alikuwa amelala akitazama ukuta. Sauti ilikuwa imemwishia tangu juzi. Gwakisa aliketi kando ya kitanda, akamshika mkono, akajaribu kumsimulia kichekesho cha kanisani, akakiacha katikati.

"Kaka, nimezima," alisema. "Nakusikia sasa. Ulikuwa ukiniambia nini pale uani?"

Ambakisye aligeuza uso. Midomo ikacheza. Gwakisa akainamisha sikio mpaka likagusa midomo ile, na alichopata kilikuwa pumzi tu. Kaka akajaribu tena. Kisha akafumba macho, na chozi likashukia sikioni mwake.

Gwakisa akamgeukia Tupokigwe, mke wa kaka yake, aliyekuwa akikunja shuka karibu na mlango.

"Shemeji, wewe ulikuwa ukimsikia. Alikuwa akisema nini siku zote zile?"

Tupokigwe hakuacha kukunja.

"Alikuwa akisema, zima uingie ndani, tutakusukuma."