Mkanda wa Cheposait na Unga wa Bwana Arupe

Sogeeni, na huyo aliye mlangoni afunge. Kwanza mniapie: haya hayatoki humu ndani. Mimi mwenyewe nilimwapia Cheposait kwamba sitayasema, na sijayasema, ila kwa mke wa katekista, na dada yake, na wale wa kisimani. Sasa ninyi. Basi, hao tu.

Katika soko letu la Kaptolim walikuwapo vijana watatu.

Chemket, mwanafunzi wa kidato cha nne, alijaliwa sauti. Akisema "Nyamazeni!" hata mbuzi wa mnadani hunyamaza.

Lokwang, mchunga ng'ombe, alijaliwa macho. Akitazama nyayo anakwambia huyu ng'ombe ana mimba, na yule ameibwa.

Cheposait alijaliwa moyo usiotetemeka. Alizaa akiwa kidato cha pili, watu wakamcheka weee, akamwacha mtoto kwa nyanya yake akarudi darasani. Chini ya sketi ya shule alifunga leketyo, ule mkanda wa ngozi na kauri ambao mama hujifunga tangu siku ya kujifungua. Wenzake wakamwita Mama Darasa. Hakujali.

Basi risasi za wachunga ng'ombe na wezi wa mifugo zikazidi. Leo paa la bweni limetobolewa, kesho tangi la maji. Chifu akasema, "Asipopatikana anayezileta, Ijumaa nafunga shule." Akamfunga mtamba mwekundu katikati ya soko: atakayemkamatisha mtu huyo, ng'ombe ni wake. Shule ikifungwa, wengine wangehamia kwingine. Cheposait angehamia wapi? Babake alikwisha kumtafutia mzee wa kumwoa.

Siku ya soko wanafunzi wakaandamana. Mbele yao nani? Bwana Arupe, muuza unga, tumbo limetangulia, amewashonea fulana za bure na anatokwa na machozi: "Watoto wetu jamani!" Wachunga ng'ombe nao, Lokwang akiwamo, wakaandamana kutoka upande wa mtoni, bunduki mabegani, wakiimba kwamba asiye na bunduki hana ng'ombe. Na tumbaku waliyokuwa wakitafuna walipewa na nani? Na Arupe huyo huyo! Najua, maana mimi ndiye muuza ugoro, na siku ile sikuuza hata kijiko.

Wakakutana mbele ya duka lake.

"Tunataka kusoma, hatutaki kuzikwa!" akapaza sauti Chemket.

"Na wezi wakija, utawafukuza kwa kalamu?" akajibu Lokwang. Wachungaji wakacheka.

"Lokwang, dada yako analala bweni hilo hilo lililotobolewa!"

Kicheko kikakatika. Huko nyuma mtu akakoki bunduki.

Hapo Cheposait akafanya lake. Akatoka mstarini, akafungua leketyo, akaulaza barabarani kati ya makundi mawili. Kwetu mwanamume havuki mkanda wa mama. Akiuvuka, amemruka mama aliyemzaa. Wenye bunduki wakarudi nyuma kama walioona moto. Hakuna risasi iliyolia.

Hapo Chemket akafanya lake. "Wazee wangu, leo sizitaki bunduki zenu. Nataka jina. Risasi mnapewa na nani?"

"Hatumjui," akasema mchungaji mmoja mwenye mvi. "Tunaacha mbuzi pangoni, kesho yake tunakuta risasi."

"Na wezi wanapata wapi zao?"

Mzee akasema polepole, "Maganda wanayotuachia... ni ya risasi hizi hizi."

Loo! Soko zima likaguna.

Hapo Lokwang akafanya lake. Macho yake yalikuwa chini, kwenye kwato za punda wa Arupe aliyesimama dukani na magunia ya unga mgongoni. Alijua akisema, kesho hana risasi hata moja. Akasema. "Bwana Arupe, unga gani huu unaodidimiza punda hivi? Na alama ya kwato hii iliyomeguka nimeiona mlangoni mwa pango."

"Mwanangu, unga umeingia maji tu..."

Akamchapa punda fimbo, akatimua mbio, akauruka mkanda! Wanawake tukapiga yowe. Punda, mwenye adabu kuliko bwana wake, akasimama pale pale mbele ya leketyo. Arupe akageuka kuvuta gunia, gunia likapasuka. Unga ukamwagika, na nyuma ya unga, risasi, chwaaa! Akabaki mweupe hadi viwikoni, risasi zimejaa mkononi, mbele ya wanafunzi, wachungaji, chifu, na mamake mzazi aliyekuja kununua chumvi.

"Arupe," akasema mama yule. "Umeniruka?"

"Shule haifungwi!" akatangaza chifu. Wanafunzi wakaanza kuimba, na mkinisikia nasema uongo mnipige: wachungaji wakaitikia!

Chifu akamfungua mtamba. Kamba ikashikwa na mikono mitatu.

"Nisingeuliza, mngejua nini?" akasema Chemket.

"Nisingetazama, mngemkamata nani?" akasema Lokwang.

Cheposait alikuwa akikung'uta unga kwenye mkanda wake. "Nisingeulaza huu," akasema, "nani angekuwa hai wa kuuliza wala kutazama?"

Chifu akajikuna kichwa, akanitazama mimi. Mimi nikavuta ugoro.

Sasa nyinyi mlioniapia, semeni. Arupe yule pale, unga haujamtoka mikononi, na mtamba ni mmoja. Ungekuwa wewe, kamba ungemwachia nani?